Geuza mfuko usome mgongoni kabla ya kumnunulia mbwa chakula

Ingia katika duka lolote la dawa na vyakula vya mifugo jijini, au pitia rafu za supamaketi iliyo karibu nawe, na utaiona mifuko ya chakula kikavu cha mbwa imepangwa kama vitabu. Kila mmoja una picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa na meno meupe pe! Wengi wetu huchagua kwa mambo mawili tu: ile picha na bei. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini katika biashara hii hata kizuri hujitembeza. Ndiyo maana nakuomba, msomaji, ugeuze mfuko usome mgongoni kwanza.

Biashara yenyewe si kongwe sana. Mmarekani James Spratt ndiye aliyeanza kuuza biskuti za mbwa mjini London katika miaka ya 1860, na punje hizi tunazozijua leo, zinazopikwa kwa mvuke na kufurishwa kwa mashine, zilianza kuuzwa Marekani mnamo 1957. Maana yake ni kwamba mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka bila kuonja hata punje moja. Kwa hivyo usione haya ikiwa Simba wako (na ni nani asiyekuwa na Simba?) amekulia ugali na matumbo. Ila ujue upungufu wake. Ugali hushibisha tu, na matumbo, ingawa yana protini, yana kalisiamu kidogo mno. Mbwa mzima aweza kuvumilia kwa muda. Mtoto wa mbwa anayekua huharibika mifupa.

Jambo la kwanza la kutafuta kwenye mfuko ni maneno yanayosema kwamba chakula hiki kimekamilika, yaani mbwa anaweza kukila peke yake bila nyongeza, na kwamba ni cha umri gani. Mfuko usiotaja hilo huenda ni wa kitafunio tu, hata uwe na uzito wa kilo 10. AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani ambacho viwango vyake hufuatwa na makampuni mengi, kinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, na cha mtoto wa mbwa asilimia 22.5, kikishaondolewa maji yote. Ikiwa unafuga mbwa wa miraba minne kama German Shepherd, mnunulie mtoto wake chakula cha mbwa wakubwa wanaokua. Kalisiamu ikizidi humdhuru sawa na ikipungua, kwa hivyo usimwongezee unga wa mifupa ukidhani unamtendea hisani.

Kisha soma orodha ya vilivyomo. Huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Hapa ndipo ujanja ulipojificha. Ukiona kuku ametajwa wa kwanza, kumbuka kwamba nyama mbichi ni maji kwa karibu theluthi mbili au zaidi, na hupimwa kabla ya kukaushwa. Ikishakauka, huenda mahindi yaliyotajwa wa pili ndiyo yanayotawala mfuko. Unga wa nyama ya kuku uliokwisha kukaushwa, ingawa jina lake halivutii, una protini nyingi zaidi kwa kila kilo. Na pengine utakuta mahindi, pumba za mahindi na protini ya mahindi zimetajwa mbalimbali, kila moja ikionekana ndogo. Zijumlishe mwenyewe.

Si kwamba mahindi ni adui. Mahindi safi yakipikwa vyema mbwa huyayeyusha tumboni bila taabu. Hatari ni mahindi yaliyoota ukungu, kwa sababu ya sumu iitwayo aflatoksini. Sisi Wakenya hatuhitaji kuhadithiwa habari zake: mnamo 2004 iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na jirani zake. Mbwa naye ni mwepesi sana kudhurika nayo, kwani hushambulia ini. Huko Marekani zaidi ya mbwa 100 walikufa kati ya 2005 na 2006 kwa kula chakula cha mfukoni kilichokuwa na sumu hiyo, na mwishoni mwa 2020 msiba kama huo ukatokea tena. Kupika hakuiondoi. Kwa hivyo ile desturi ya kutenga mahindi yaliyoharibika na kusema "hayo ni ya mbwa" ni desturi ya kumlisha sumu mlinzi wako.

Kwa sababu hiyo hiyo, sipendi kabisa chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi dukani. Najua ni nafuu, na najua mwisho wa mwezi ulivyo. Lakini hujui lilifunguliwa lini, mafuta yake huchacha, unyevu huingia, panya hutembea juu yake, na tarehe ya kuharibika huioni. Afadhali mfuko mdogo uliofungwa. Ukifika nyumbani, kiache ndani ya mfuko wake, kisha utie mfuko wote katika ndoo yenye kifuniko.

Sasa tuje kwenye meno

Watu wengi huamini kwamba punje ngumu husugua meno ya mbwa zikayasafisha. Hasha! Punje ya kawaida huvunjika mara tu ncha ya jino inapoigusa, na haifiki kwenye ufizi, mahali ambapo uchafu huanzia. Zipo punje zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya meno, kubwa na zenye nyuzi, ambazo jino huzama ndani yake kabla hazijavunjika. Tafuta alama ya VOHC, baraza la madaktari wa meno ya wanyama lililoanza kazi 1997, kwani hutolewa kwa bidhaa zilizofanyiwa majaribio. Hata hivyo, hakuna kinachoushinda mswaki.

Mbwa mzima ana meno 42. Kila siku utando laini wa bakteria hutanda juu yake, na kwa siku mbili tatu hivi hugeuka ukoga mgumu kama chokaa. Utando huondoka kwa mswaki, ukoga hauondoki. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo, tena mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, maana ukoga unaodhuru ni ule uliojificha chini ya ufizi. Usithubutu kuukwangua kwa kisu.

Anza pole pole, mbwa akiwa bado mdogo ikiwezekana. Juma la kwanza mzoeze kuinuliwa mdomo na kuguswa fizi kwa kidole. Juma la pili zungushia kidole kitambaa safi chenye maji. Halafu ulete mswaki laini wa mtoto. Huna haja ya kumpanua kinywa: inua mdomo wa juu kando, usugue upande wa nje, hasa magego ya nyuma na machonge. Nusu dakika kila upande yatosha, kila siku. Usitumie dawa yako ya meno, kwani mbwa hajui kutema, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, sukari inayoweza kumuua mbwa. Ipo dawa ya meno ya mbwa, yenye ladha ya nyama. Ukiikosa, maji matupu yatafaa.

Na mifupa je? Iliyopikwa hupasuka vipande vikali kama sindano, na hata mbichi ikiwa migumu huvunja magego. Ubonyeze ukucha wako juu ya kitu unachotaka kumpa atafune. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno yake.

Mbwa huficha maumivu. Ataendelea kula hata jino likiwa limeoza, ila atatafunia upande mmoja, atadondosha punje, atajikuna uso kwa mguu, au mtoto wenu atamshika shavu naye amng'ate, na watu waseme amekuwa mkali. Harufu mbaya ya kinywa si kawaida ya mbwa kama tunavyodhani. Na ukiona uvimbe chini ya jicho, usikimbilie dawa ya macho. Mzizi wa gego kubwa la juu hufika karibu na hapo, na mara nyingi usaha huo hutoka kwenye jino. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.