Mmisionari Akirudi, Mpokeeni Kabla ya Kumpa Maikrofoni

Makanisa ya Waafrika hapa kusini-mashariki mwa London hayakosi mtu wa kuaga. Leo anakwenda Bunia, mwezi ujao mwingine anakwenda Juba. Tunachanga nauli, tunawawekea mikono, tunaimba. Wakirudi, Jumapili ya kwanza tunawapa maikrofoni watoe ushuhuda, kisha kila mtu anarudi kwenye shifti zake. Mimi ni muuguzi, naishi Thamesmead, na naona kurudi ni nusu ya safari ambayo sisi familia tunaisahau.

Mfano wa kale tunao. Dkt. Helen Roseveare, Mwingereza aliyesomea udaktari Cambridge, alikwenda Kongo mwaka 1953. Huko Nebobongo, kaskazini-mashariki, aliendesha hospitali na kufundisha wauguzi wenyeji. Watu walimwita Mama Luka, kwa jina la yule tabibu wa kwenye Biblia. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka sehemu ile. Walimshikilia kwa takriban miezi 5, akapigwa, akabakwa. Alipookolewa alirudi Uingereza. Mwaka 1966 alikwenda tena Kongo, akasaidia kujenga kituo cha tiba cha Nyankunde, karibu na Bunia. Aliondoka mwaka 1973, na alifariki Desemba 2016 akiwa na miaka 91. Alisimama mbele ya watu wengi akaeleza waziwazi yaliyompata, mambo ambayo wanawake wengi wa rika lake walizikwa nayo.

Tunapoisimulia habari hii tunaruka haraka kutoka 1964 hadi 1966, kana kwamba aliteremka ndege moja akapanda nyingine. Katikati kulikuwa na zaidi ya mwaka mmoja wa kuwa nyumbani. Hata shujaa alihitaji kupumzika.

Kuna upande mwingine. Septemba 2002 wanamgambo walivamia Nyankunde ileile. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa, wengine wakiwa wagonjwa vitandani. Waliopona walikimbia kwa miguu kuelekea Oicha na Beni. Mama Luka alikuwa na nchi ya kurudi. Muuguzi wa Nyankunde, vita vilikuwa mlangoni kwake.

Wamisionari wetu wa leo ni wote wawili kwa pamoja. Ana pasipoti ya Uingereza, lakini anakokwenda kuhubiri ndiko alikomwacha mama yake. Akirudi Thamesmead salama, roho yake haijarudi. Simu ikilia usiku, anaruka. Namfahamu ndugu mmoja aliyerudi kutoka Ituri mwezi Oktoba. Tarehe 5 Novemba, watoto wa mtaa walipoanza kulipua fataki, alijifungia bafuni hadi saa sita usiku. Mkewe alidhani amekasirika. Kanisani alikuwa ametoa ushuhuda mzuri, watu wakapiga vigelegele.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tufanye haya.

Kabla hajaondoka, someni pamoja maelekezo ya safari ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Ikishauri watu wasiende eneo fulani, bima ya kawaida inaweza isilipe chochote. Andikeni nani atapigiwa simu jambo likitokea, na watoto watabaki na nani. Si kukosa imani. Hata nauli tuliiweka akiba.

Akirudi, mwacheni alale na ale ugali wake. Ushuhuda usubiri wiki kadhaa, na akikataa kabisa kuusema, asilazimishwe.

Akipata homa, hata miezi kadhaa baadaye, msimpe paracetamol na kusubiri. Pigeni 111 siku hiyohiyo na mtaje nchi aliyotoka. Malaria inaweza kujitokeza muda mrefu baada ya safari, na daktari wa hapa asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua.

Mwezi ukipita bado halali, anashtuka, ananyamaza au anakunywa pombe ambayo hakuwa akinywa, aende kwa GP. Hapa England mtu mzima anaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies. Mkalimani hutolewa bure. Msimtumie mtoto wenu kutafsiri mambo hayo. Na aliyebakwa asiulizwe maswali na kamati ya kanisa. Asikilizwe na mtu mmoja anayemchagua, kisha apelekwe kwa wenye utaalamu.

Mwisho, muulizeni habari za waliobaki kule: majina yao, kama wanakula, kama watoto wanasoma. Mara nyingi hilo ndilo swali analolisubiri, na hakuna aliyemuuliza.