Kwa Nini Bei ya Petroli Si Moja Katika Miji Jirani?

Mara nyingi mwenye gari au pikipiki hununua petroli asubuhi katika mji mmoja, na jioni, akifika mji wa pili ulio mwendo wa saa moja tu, huona bei imezidi kwa shilingi moja au mbili. Hapo husema, "Nimeibiwa." Pengine ni kweli, lakini kwa kawaida sivyo, na yafaa kila mnunuzi ajue namna ya kupambanua.

Petroli ya Kenya huletwa kwa meli mpaka Mombasa. Kutoka huko husukumwa ndani ya bomba lililofika Nairobi mwaka 1978, nalo likaongezwa mwaka 1994 hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Bomba ni njia ya gharama ndogo; ndiyo maana bei ya Eldoret, mji ulio mbali sana na bahari, huzidi ile ya Mombasa kwa shilingi chache tu. Gharama kubwa huanza pale petroli ipakiwapo katika lori.

Tufanye hesabu ya mfano. Lori lachukua lita 30,000, na safari yake, pamoja na mshahara wa dereva, matairi na kurudi tupu, yagharimu shilingi 60,000. Gawanya, utapata shilingi 2 juu ya kila lita. Mji ulio karibu na bohari la mafuta hauna mzigo huo wote. Jirani yake anao. Kodi ni ile ile kotekote. Basi mtu wa Mandera, ambako lori husafiri mamia ya maili, hulipa zaidi kwa ajili ya njia.

Tangu Desemba 2010 Serikali huweka bei ya juu kabisa ya kila mji. Siku hizi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli huitangaza tarehe 14 ya mwezi, ianze kutumika tarehe 15. Mwenye kituo aweza kuuza chini yake, bali hana ruhusa kuipita. Kwa hiyo usipime bei ya kituo chako kwa bei ya mji jirani; ipime kwa ile iliyotangazwa kwa mji wako. Ikiwa imepita, hapo umeonewa kweli: chukua risiti ukashtaki. (Petroli ya chupa kando ya njia ni jambo jingine; aiuzaye hujipangia bei, na pengine ameichanganya na mafuta ya taa.)

Wako pia wanaokwenda mji wa pili kutafuta bei nafuu. Tuseme ni maili 12, kwenda na kurudi 24. Gari la kawaida litakunywa lita 4 hivi, nazo, lita ikiwa shilingi 180, ni shilingi 720. Akijaza lita 40 kwa nafuu ya shilingi 2, ameokoa shilingi 80.