Si simu, ni saa: usingizi wa mwanafunzi wa chuo

MWANAFUNZI anayetoka Kasikeu, Kaunti ya Makueni, kwenda kusoma katika chuo kikuu huko Kitui au Machakos hawezi kukaa bila simu. Humo hupokea pesa za matumizi kwa M-Pesa, ratiba ya masomo na salamu za nyumbani. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, masomo mengi yalihamia kwenye intaneti, na kundi la darasa la WhatsApp likawa ndilo ubao wa matangazo.

Kwa hivyo, mzazi anayemwamrisha mwanawe aitupe simu hamsaidii. Swali la kumwuliza ni hili: je, unaizima saa ngapi?

Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba wakati wa kulala umefika. Mwanga wa simu iliyo karibu na macho huichelewesha. Isitoshe, video za TikTok hazina mwisho, na ujumbe wa ugomvi au wa mapenzi huuchangamsha moyo wakati unapotakiwa kutulia.

Kijana wa umri wa miaka 18 hadi 25 anahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa. Anayelala saa nane usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi amepata saa nne tu. Hasara yake si uchovu pekee. Ni wakati wa usingizi ambapo ubongo huhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha huenda akasoma sana na bado akasahau mengi katika mtihani. Aidha, huwa mwepesi wa hasira na huzuni.

Hata hivyo, tusikimbilie kuilaumu simu. Wakati mwingine wasiwasi wa karo au upweke ndio hutangulia, na mwanafunzi akaifanya simu kimbilio lake usiku.

Yafuatayo yatamfaa:

• Aiweke simu mbali na kitanda na anunue saa ya kumwamsha.

• Azime data angalau nusu saa kabla ya kulala.

• Wanadarasa wakubaliane kwamba baada ya saa nne usiku hakuna tangazo litakalotumwa kwenye kundi, ila la dharura.

• Aamke saa ile ile kila siku, na aepuke kahawa na chai kali jioni.

Wazazi nao wapige simu mapema.

Mwanafunzi ambaye huzuni yake haijapungua kwa wiki mbili, au aliyeacha kwenda darasani, amwone mshauri wa chuo au daktari. Akiwa na mawazo ya kujidhuru, asisubiri hata siku moja. Apelekwe hospitali mara moja, na asiachwe peke yake.