Stendi za Kuchaji Padi: Waya Umekwenda Wapi?

Geuza padi ya PlayStation 5 uitazame ukingo wake wa chini, pale penye tundu la hedifoni. Kando ya tundu hilo kuna vipande viwili vidogo vya chuma ambavyo mchezaji anaweza kukaa navyo miaka bila kujiuliza vina kazi gani. Kazi yake ni kupokea umeme. Padi ikikaa kwenye stendi ya kuchaji iliyotengenezwa na Sony, vipande hivyo vinagusana na vyenzake vilivyo ndani ya stendi, taa ya padi inaanza kuwaka na kufifia polepole kwa rangi ya chungwa, na betri inajaa.

Stendi za namna hii zimejaa madukani na mitandaoni, na nyingi zinauzwa kwa sifa kwamba zinachaji bila waya. Mnunuzi anaelewa kuwa umeme unapita hewani, sawa na simu inayolazwa juu ya kisahani cha chaji. Kwa padi, karibu kila mara sivyo. Umeme unapita chuma kwa chuma, na waya upo palepale: umetoka kwenye padi ukahamia nyuma ya stendi, halafu ukutani. Njia hizi mbili zinatofautiana kwa bei, kwa joto na kwa namna zinavyoitunza padi, kwa hiyo ni vizuri mtu ajue analipia ipi.

Haja ya kuchaji ilikuja na padi zenye mbwembwe. Mwaka 2002 Nintendo ilitoa WaveBird, padi isiyo na waya ya GameCube, iliyotumia betri mbili za AA, hizi za rimoti, na kudumu hadi saa 100. Ilifika huko kwa sababu haikuwa na mtetemo. Mota za kutetemesha mkono ni walaji wakubwa wa umeme, na Nintendo ikaamua kuziacha. Padi za sasa haziachi kitu. DualSense ya PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, ina vitetemeshi, spika, maikrofoni, sehemu ya kugusa kwa kidole, na vitufe vya nyuma vinavyokaza vyenyewe mchezaji anapovuta upinde au kukanyaga breki. Vyote hivyo vinalishwa na betri ya mAh 1,560. Ndugu yake wa bei kubwa, DualSense Edge ya mwaka 2023, ina betri ndogo zaidi, mAh 1,050. Linganisha na Pro Controller ya Nintendo Switch: betri yake ni mAh 1,300 tu, lakini Nintendo inasema inadumu takriban saa 40, kwa kuwa haibebi mzigo huo wote.

Mwenye PlayStation basi anachaji mara kwa mara, na kila anapochaji anachomeka na kuchomoa. Hapo ndipo padi nyingi zinapofia. DualShock 4, padi ya PlayStation 4 iliyotoka 2013, ina tundu la micro-USB lenye ulimi mwembamba sana katikati. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ambako vijana hulipia mechi moja moja ya mpira, padi haipumziki. Inachezwa huku inachajiwa, waya umetanda sakafuni, na bao likiingia mchezaji anaruka nao. Ulimi unapinda, tundu linalegea, kisha inafika siku padi haipokei chaji mpaka mtu aushikilie waya kwa pembe fulani. Afadhali kwa DualShock 4, tundu limewekwa kwenye kibao chake kidogo, na fundi anaweza kukibadilisha bila kugusa kibao kikuu. Kwenye DualSense, tundu la USB-C ni imara zaidi, ila limechomelewa moja kwa moja kwenye kibao kikuu, na likiharibika ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi na vifaa vya kutosha.

Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo sababu hasa ya kununua stendi. Si kwa ajili ya kuchaji haraka: Sony yenyewe inasema stendi yake ya DualSense, yenye nafasi ya padi mbili, huchaji kwa kasi ileile ya waya uliochomekwa kwenye konsoli. Faida ni kwamba tundu linabaki bila kuguswa.

Tatizo ni kwamba si kila stendi inapita kwenye vile vipande vya chuma. Nyingi za bei nafuu huja na kichomekeo kidogo ambacho mnunuzi anakisukuma ndani ya tundu la padi na kukiacha humo, kisha kichomekeo ndicho kinachogusana na stendi. Hapo uzito wote wa kuweka na kuondoa padi unarudi kwenye tundu lilelile lililotakiwa kulindwa. Xbox ina mambo yake: padi zake za kawaida, hata zilizokuja na Xbox Series X mwaka 2020, bado zinatumia betri mbili za AA, kwa hiyo stendi ya Xbox huja na betri ya kuchajiwa pamoja na mfuniko maalumu wenye vipande vya chuma mgongoni.

Je, kuchaji kwa hewani kwenyewe kukoje? Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1831, jijini London, Michael Faraday alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Alipowasha umeme kwenye waya wa kwanza, sindano ya kipimo kilichounganishwa na waya wa pili ilicheza. Alipouzima, ikacheza tena. Umeme unaobadilika huzaa usumaku unaobadilika, na usumaku huo huzaa umeme kwenye waya wa jirani. Kisahani cha chaji kina koili iliyosokotwa kwa waya wa shaba, simu nayo ina koili yake mgongoni, na umeme wa kisahani hubadili mwelekeo zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde. Miswaki ya umeme ilitangulia kutumia njia hii, maana kwenye maji ya bafuni hutaki chuma kilicho wazi. Kwa simu, kanuni za pamoja zinaitwa Qi, nazo zilianza kutumika 2010.

Koili hizo zinataka mambo mawili: zitazamane sawasawa, na ziwe karibu, milimita chache tu. Rimoti ya Wii ya mwaka 2006, iliyonyooka na yenye mgongo bapa, iliweza. Kulikuwa na seti zenye nembo ya Energizer ambazo betri yake, yenye koili, ilikaa mahali pa betri za AA, na rimoti ikalazwa tu juu ya kisahani. Huko kulikuwa kuchaji bila waya kwa kweli. Lakini padi ya kawaida ina mikono miwili iliyopinda, mgongo wa mviringo, na ndani yake sumaku na vyuma vya vitetemeshi. Chuma kikikaa kwenye usumaku unaobadilika kwa kasi hupata joto, hivyo mtengenezaji analazimika kuweka ngao ya kuukinga, kuongeza unene na kupandisha bei. Sehemu ya umeme nayo inapotea njiani kama joto. Vipande viwili vya chuma vinafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo mno, na ndiyo maana watengenezaji wakubwa wamebaki navyo.

Joto si jambo dogo kwa betri. Za padi ni lithiamu-ayoni, aina ambayo Sony ndiyo iliyoiingiza sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na ambayo waasisi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri hizi huzeeka upesi zikikaa kwenye joto, kwa hiyo stendi iliyowekwa juu ya konsoli inayopumua moto au dirishani penye jua inaipunguzia padi umri. Na betri mbovu ni hatari. Mwaka 2009 huko Marekani stendi takriban 220,000 za kuchaji rimoti za Wii zilirudishwa kutoka kwa wateja, kwa sababu betri zilizokuja nazo ziliweza kupata joto kupita kiasi na kuunguza.

Bili ya umeme isimsumbue mtu. Betri ya DualSense hubeba chini ya wati-saa 6, na uniti moja ya umeme ina wati-saa 1,000. Hata ukihesabu kinachopotea, uniti moja inajaza padi zaidi ya mara 100. Nafuu nyingine ni kwamba stendi yenye adapta yake huchaji padi hata konsoli ikiwa imezimwa kabisa. Ukichajia kwenye konsoli, PlayStation 5 inabidi iwe imewashwa, au iachwe kwenye hali ya kupumzika na mwenyewe awe ameruhusu kwenye mipangilio umeme uendelee kwenda kwenye matundu ya USB.

Anayekaa pwani aviangalie vile vipande vya chuma: jasho la mikono na hewa ya chumvi huacha utando, na padi ikaanza kuchaji na kukatika. Kitambaa kikavu kinatosha kuvifuta mara nyingi. Padi itakayokaa kabatini muda mrefu nayo ichajiwe walau mara moja kwa mwaka, la sivyo betri inaweza kuisha kabisa na isiamke tena.

Ukienda dukani, nenda na padi yako. Mwombe muuzaji afungue boksi, uiweke padi kwenye stendi, uione taa ikiwaka, uguse pia adapta baada ya dakika chache usikie kama inapata joto kupita kiasi. Ukikuta stendi inahitaji kichomekeo kinachoingia kwenye tundu la chaji, irudishe, tafuta inayotumia vipande vya chini.