Bando Linapokwisha Kabla ya Siku Zake: Matumizi ya Data Yaliyojificha Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kompyuta haina laini yake ya intaneti, bali hutegemea data ya simu, ambayo hununuliwa kwa vifurushi vya siku, wiki au mwezi na kufikishwa kwenye kompyuta kwa njia ya hotspoti, yaani uwezo wa simu kugeuka kituo kidogo cha waifai kinachogawia vifaa vingine intaneti yake. Hapo ndipo huzuka lalamiko linalosikika mara kwa mara, kwamba bando lililozoea kumtosha mwenye simu wiki nzima hukwisha kwa jioni moja mara linapounganishwa na kompyuta, hata kama kilichofanywa ni kusoma barua pepe na kuandika barua mbili tatu. Lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu, na huenda wakati mwingine zikawa na msingi. Lakini mara nyingi data hiyo imetumika kweli, tena imetumiwa na kompyuta yenyewe, kwa kazi ambazo mwenyewe hakuziagiza wala hakuziona zikifanyika.

Chanzo cha jambo hili kimo katika namna vifaa hivi viwili vilivyoundwa. Simu janja hujua kwamba data inayopitia kwenye laini yake hulipiwa kwa kipimo, na kwa sababu hiyo huahirisha kazi nyingi nzito hadi itakapopata waifai. Kompyuta, kwa upande wake, imeundwa kwa kuchukulia kwamba waifai ni intaneti ya nyumbani inayolipiwa mara moja kwa mwezi bila kuhesabiwa, kama ilivyo kawaida katika nchi zinakotengenezwa programu zake. Inapounganishwa na hotspoti, mara nyingi huona waifai tu, isitambue kwamba nyuma ya waifai hiyo kuna bando la gigabaiti chache, na huitumia kama intaneti isiyo na mwisho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ni kuiarifu kompyuta kwamba intaneti inayopewa hupimwa, kisha kushughulikia mambo machache ambayo taarifa hiyo haiyagusi.

Vipimo viwili vinavyochanganywa

Kabla ya kufika kwenye tiba, ni muhimu kutofautisha kasi ya intaneti na kiasi cha data. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali bando hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti. Na kwa kuwa baiti moja ni sawa na biti nane, laini yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1 katika kila sekunde. Kwa hesabu hiyo, kompyuta inayopakua faili kubwa kwa kasi hiyo bila kukoma humaliza gigabaiti 1 kwa takriban dakika 17, na ikiwa mtandao una kasi ya megabiti 40 kwa sekunde, muda huo hupungua hadi dakika tatu na ushei. Hii ndiyo sababu watu waliohama kutoka mtandao wa polepole kwenda wa kasi huona bando likikatika upesi zaidi ingawa bei na ukubwa wake havikubadilika: kasi haiongezi uzito wa faili, ila huondoa kizuizi kilichokuwa kikiizuia kompyuta isipakue mengi kwa muda mfupi.

Kompyuta inafanya nini mtumiaji asipoona

Kazi inayokula data nyingi zaidi kwa siri ni usasishaji, yaani kupakua marekebisho ya programu yanayotolewa na watengenezaji ili kuziba kasoro za usalama au kuongeza vipengele. Mfumo endeshi wa Windows, ambao ndio programu kuu inayosimamia kompyuta nyingi za nyumbani, hupata masasisho ya usalama kila mwezi, na mara moja moja hupata toleo jipya ambalo huweza kufikia gigabaiti kadhaa. Ya pili ni hifadhi ya wingu, utaratibu ambao faili za mtumiaji hunakiliwa kwenye seva za kampuni kama Microsoft au Google; mtu akihamisha picha za harusi kutoka kwenye kamera na kuziweka katika folda inayofungamanishwa na wingu, kompyuta huanza kuzipakia zote mara moja, naye asijue kwamba data inayopakiwa hukatwa kwenye bando sawasawa na inayopakuliwa. Ya tatu ni programu ndogondogo, vikiwamo vivinjari na michezo, ambazo kila moja huwa na utaratibu wake wa kujisasisha.

Ubashiri hauhitajiki ili kujua ni kazi ipi iliyomaliza bando, kwa sababu kompyuta huweka hesabu. Katika Windows 10 na Windows 11, ndani ya sehemu ya mipangilio ya mtandao na intaneti, upo ukurasa unaoonyesha data iliyotumika katika siku 30 zilizopita, ikigawanywa kwa kila mtandao uliotumika na kwa kila programu. Kwenye kompyuta za Mac, programu ya kufuatilia shughuli za mfumo huwa na kichupo cha mtandao kinachoonyesha kiasi kilichopokelewa na kutumwa na kila programu inayoendelea kufanya kazi. Mtumiaji anayefungua kurasa hizi kwa mara ya kwanza huweza kukuta kwamba mfumo wenyewe umetumia zaidi kuliko kivinjari alichokuwa akikituhumu.

Kuiarifu kompyuta kwamba data hupimwa

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mfumo huo umekuwa na alama ya muunganisho unaopimwa, ambayo mtumiaji huiwasha kwa kufungua sifa za mtandao wa waifai aliounganishwa nao na kubofya swichi moja. Mara alama hiyo inapowashwa, Windows huacha kupakua yenyewe sehemu kubwa ya masasisho, duka la programu husitisha usasishaji wake, na huduma ya wingu ya OneDrive, ikiwa imeachwa katika mpangilio wake wa kawaida, husimama mpaka mtumiaji airuhusu au ahamie mtandao mwingine. Kwenye Mac, uwezo unaofanana na huo uliingizwa mwaka 2022 kupitia toleo la Ventura, nao huwashwa kwa kila mtandao wa waifai peke yake.

Yapo mambo mawili yanayosahaulika mara nyingi kuhusu alama hii. La kwanza ni kwamba hufungamana na mtandao mmoja kwa jina lake, hivyo kompyuta iliyowekewa alama kwenye hotspoti ya baba haitajizuia itakapounganishwa na hotspoti ya mama, na simu iliyobadilishwa jina la hotspoti huhesabiwa kuwa mtandao mpya. La pili ni kwamba simu ikiunganishwa kwa waya wa USB badala ya waifai, Windows huichukulia kuwa laini ya waya ya kawaida, na alama hubidi iwekwe upya katika sifa za muunganisho huo wa waya.

Alama hiyo ni ombi ambalo programu za watengenezaji wengine zinaweza kulitii au kulipuuza. Ndiyo maana inafaa kupitia programu moja moja kati ya zile zilizoonekana kutumia data nyingi: programu za wingu nyingi zina kitufe cha kusitisha ulinganishaji wa faili kwa muda, na Steam, inayotumiwa kusambaza michezo, humruhusu mtumiaji kupanga saa ambazo masasisho ya michezo yatapakuliwa. Kinga ya mwisho huwekwa kwenye simu yenyewe, kwa sababu simu za Android zina kikomo cha data ambacho kikifikiwa hukata intaneti ya laini kabisa, pamoja na ile inayogawiwa kwa hotspoti, hata kama kompyuta bado ina hamu ya kuendelea.

Video na mikutano

Baada ya matumizi ya nyuma ya pazia kudhibitiwa, kinachobaki ni yale yanayofanywa kwa makusudi, na kati ya hayo video haina mshindani. Hesabu yake ni nyepesi: video inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa, na ile inayohitaji megabiti 5 kwa sekunde hutumia zaidi ya gigabaiti 2 kwa saa hiyohiyo. Netflix, kwa mfano, hueleza kwamba mpangilio wake wa chini hutumia hadi gigabaiti 0.3 kwa saa, wa kati hadi 0.7, na picha ya ubora wa juu hadi 3. YouTube huchagua ubora kwa kuangalia kasi ya mtandao na ukubwa wa dirisha la video, wala haizingatii kiasi cha bando kilichobaki. Kwa hiyo mtandao wa kasi huvutia video nzito. Anayefuata somo la hesabu au mahubiri kwenye kompyuta ndogo hupata anachokihitaji kwa ubora wa 480 au hata 360, na akishauchagua mwenyewe kupitia alama ya gurudumu iliyo chini ya video, huwa ameokoa sehemu kubwa ya data ambayo ingepotelea kwenye ung'avu usiomwongezea maarifa. Kujicheza kwa video inayofuata nako kunafaa kuzimwa, kwa kuwa huendelea hata mtazamaji anapokuwa jikoni.

Mikutano ya mtandaoni hufuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa kwamba data hutoka na kuingia kwa wakati mmoja. Kwa mujibu wa maelezo ya Zoom, mazungumzo ya video ya watu wawili yenye ubora mzuri huhitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi, ambazo kwa saa moja hufikia megabaiti 540, ilhali sauti pekee huhitaji kati ya kilobiti 60 na 80, yaani megabaiti 36 au pungufu kwa kila upande. Kuzima kamera baada ya salamu huokoa ile data inayokwenda. Inayorudi hupungua washiriki wengine nao wanapozima zao.

Hatari ya kubana kupita kiasi

Wapo wanaoligundua suala la masasisho na kuamua kuyazima moja kwa moja, uamuzi ambao huokoa data leo na kuweka rehani mali yote iliyomo ndani ya kompyuta. Mfano unaojulikana zaidi ni wa WannaCry, programu haribifu iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ambayo ilianza kuenea tarehe 12 Mei 2017 na kuzifikia kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Kasoro iliyotumiwa na programu hiyo ilikuwa imekwisha kuzibwa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo, takriban miezi miwili kabla, na waliokuwa wamesasisha Windows zao mapema walikuwa tayari wana kinga ambayo wengine waliikosa.

Njia ya kati ni kuyapangia masasisho wakati wake. Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki kutegemea majira ya Marekani, na tangu Windows 10 masasisho hayo hujumlisha yaliyotangulia, hivyo aliyekosa mwezi mmoja hapakui mawili bali hupakua la mwisho tu. Familia inaweza basi kuchagua usiku mmoja katikati ya mwezi, ikanunua bando la usiku ambalo kwa kawaida huwa nafuu kuliko la mchana, au ikatumia waifai ya chuo au ya ofisi pale inaporuhusiwa, ikaondoa alama ya kipimo kwa muda na kuiagiza kompyuta itafute masasisho. Nyumba yenye kompyuta mbili za Windows huweza kuokoa zaidi, kwa sababu mfumo huo una utaratibu wa kuifanya kompyuta moja ichukue vipande vya sasisho kutoka kwa mwenzake. Sharti ni kuuwekea mpaka wa mtandao wa nyumbani pekee, kwani ukifunguliwa kwa intaneti nzima, bando la familia huweza kutumika kuwapelekea vipande hivyo watu wasiowajua. Wanaotumia bado Windows 10 wanapaswa kutambua kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kupungua kwa data inayoliwa na masasisho kwenye kompyuta hizo ni dalili ya kinga kudhoofika.

Usiku huohuo wa bando nafuu unafaa pia kwa kuhifadhi yale yatakayosomwa mara nyingi. Programu ya bure iitwayo Kiwix humwezesha mtumiaji kupakua mara moja Wikipedia nzima ya Kiswahili, kisha wanafunzi wa nyumba hiyo wakaisoma mwaka mzima bila kuunganishwa na intaneti.

Hatua hizi zikifuatwa kwa mpangilio, yaani kupima, kuweka alama, kushughulikia programu sugu, kushusha ubora wa video na kuyatengea masasisho usiku wake, kompyuta huwa na matumizi yanayoeleweka, na nyumba hubaki na kumbukumbu zake yenyewe za kiasi kilichotumika kila mwezi. Kumbukumbu hizo hurudisha haki katika lile lalamiko la awali, kwa sababu mteja anayeweza kuonyesha kwamba kompyuta yake ilipitisha gigabaiti 2 ilhali amekatwa 5 ana hoja ambayo kampuni ya simu au mamlaka ya mawasiliano inapaswa kuijibu kwa takwimu, na yule ambaye hesabu zake zinalingana na za kampuni anajua kwamba kinachohitaji kubadilika kimo nyumbani kwake.