Breki mbovu mpakani: Dalili zake na namna ya kumpata fundi hadi gari lilipo

Lori linalotoka bandari ya Mombasa hadi Malaba huwa limekwenda zaidi ya kilomita 900. Njiani hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari katika eneo la Timboroa, kisha huteremka hadi Malaba, ambako mwinuko ni takriban mita 1,200. Wanaopitia Kericho na Kisumu kwenda Busia nao hukutana na miteremko ya namna hiyo. Kazi kubwa ya mteremko huo hufanywa na breki, na madhara yake mara nyingi huonekana gari likishafika mpakani.

Kwa sababu hiyo, muda wa kusubiri karatasi Busia, Malaba au Tororo ni muda mzuri wa kukagua breki. Dereva anayeondoka bila kukagua anahatarisha maisha yake, ya watu walio barabarani na mali ya mwenye mzigo. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo lilivamia magari na wachuuzi katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Nakuru na Kericho, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha.

Kwa nini breki huishiwa nguvu

Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dramu likipata moto sana hutanuka na kwenda mbali na breki shuu, hivyo dereva hukanyaga lakini gari halipungui mwendo. Hali huwa mbaya zaidi kwa dereva anayeteremka gia ikiwa fri ili kuokoa mafuta, kwani injini haisaidii tena kulizuia gari na kazi yote huachiwa breki.

Kwa magari madogo kama Probox, pikapu na matatu, tatizo jingine ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kadiri muda unavyokwenda. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye joto la nyuzi 205 hivi, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na kanyagio huzama hadi chini bila gari kusimama. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Dalili kwa gari dogo

- Mlio wa kukwaruza au wa chuma kwa chuma: pedi zimekwisha. Zikibaki chini ya milimita 3 zibadilishwe.
- Kanyagio laini kama sponji: kuna hewa kwenye mfumo au mafuta yamechakaa.
- Kanyagio linashuka polepole ukiendelea kulibana: mafuta yanavuja, au pampu kuu ya breki imechoka.
- Gari linavuta upande mmoja: pistoni ya gurudumu moja imekwama, au pedi zimelowa mafuta.
- Usukani au kanyagio kutetemeka: diski imepinda.
- Harufu ya kuungua na rimu moja kuwa na joto kuliko nyingine: breki ya gurudumu hilo haiachii.

Dalili kwa lori la breki za hewa

Kwanza itazamwe geji. Kwa malori mengi, hewa ikijaa husoma kati ya psi 100 na 120. Ikishuka hadi karibu psi 60, king'ora hulia au taa huwaka kwenye dashibodi. King'ora kikilia, gari lisiondoke.

Jaribio la pili huchukua dakika moja. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe kabari au mawe, hewa ijae, kisha injini izimwe na breki ya kuegesha iachiwe. Dereva akanyage breki kwa nguvu na kushikilia, huku utingo akizunguka gari kusikiliza mlio wa hewa inayovuja. Kwa lori lenye trela, sindano isishuke zaidi ya psi 4 katika dakika hiyo. Ikishuka zaidi, kuna hozi, chemba au kiungo kinachovuja.

Gari lililokaa foleni muda mrefu liangaliwe zaidi. Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wote kupimwa UVIKO-19, foleni ya malori upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita na mafuta yakaadimika Uganda. Gari likikaa hivyo, maji hukusanyika kwenye matangi ya hewa, dramu hushika kutu na hewa huvuja taratibu. Matangi yatolewe maji kila siku, na hewa ijae tena kabla ya kusogea.

Fundi aje au gari liende?

Wafanyabiashara wengi hudhani kuwa kazi ni kulipeleka gari gereji mjini tu. Kwa mzigo wa transiti, jambo hilo si rahisi. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Lori likiacha njia iliyoidhinishwa, likisimama muda mrefu pasipotarajiwa au lakiri ikiguswa, tahadhari hufika kwa maofisa wa KRA au URA. Hivyo lori lililotakiwa kupitia Tororo kwenda Kampala likikata kuelekea Mbale kutafuta gereji, dereva atatakiwa kujieleza.

Njia salama ni hii:

1. Gari lisimamishwe pembeni, kabari ziwekwe na pembetatu za tahadhari zitandazwe mbele na nyuma.
2. Mwenye gari na wakala wa forodha wapigiwe simu. Wakala awaarifu maofisa wa forodha mahali gari lilipo na sababu ya kusimama.
3. Fundi aitwe aje gari lilipo. Kama ni ndani ya yadi ya forodha, ruhusa iombwe kwanza.
4. Ikilazimu mzigo uhamishiwe lori jingine, lakiri isifunguliwe mpaka forodha waidhinishe na ofisa awepo.

Kubadilisha pedi, hozi na viungo, kutoa hewa kwenye mafuta na kurekebisha breki zilizolegea huweza kufanyika kando ya barabara. Kuchonga dramu au diski na kufungua pampu kuu ni kazi ya gereji. Chemba yenye springi ya breki ya kuegesha isifunguliwe ovyo. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu nyingi na ikifyatuka huua.

Aidha, tabia ya kufunga hozi ya gurudumu moja ili hewa isivuje, kisha safari ikaendelea na mzigo kamili, ni hatari. Gurudumu hilo halina breki tena na mengine hubeba kazi yake hadi yanapata moto.

Kuchagua fundi na kukubaliana bei

Katika vituo vya pamoja vya mpakani, gari hukaguliwa upande linakoingia. Cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Gari linalotoka Kenya hukamilishiwa karatasi upande wa Uganda, na la Uganda upande wa Kenya. Inafaa basi dereva awe na namba za mafundi wa pande zote mbili kabla ya safari, waliopendekezwa na madereva wenzake au na kampuni yake.

Bei ikubaliwe kabla ya kazi, na itajwe ni shilingi ya Kenya au ya Uganda. Spea ni vizuri zinunuliwe upande gari lilipo, na risiti itunzwe. Utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Spea zilizotoka nje ya Jumuiya hazimo.

Pedi zitazamwe kabla hazijafungwa. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa, pedi zenye nyufa au zisizolingana unene, na bei ya chini kupita kiasi ni dalili za bidhaa bandia. Pedi au breki shuu zibadilishwe kulia na kushoto pamoja. Spea za zamani zirudishwe kwa dereva ili mwenye gari aone kilichobadilishwa.

Mwisho, fundi asilipwe yote kabla ya jaribio. Gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali tambarare, geji itazamwe tena na rimu zikaguliwe baada ya kilomita chache. Kwa anayerudi Mombasa na mzigo kupitia Eldoret, mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa bado uko mbele, na kasoro ya breki ni rahisi kuitengeneza Malaba kuliko kuigundua huko.