Malkia wa Maji Moto: Jinsi ya Kumtambua na Kumlea



Tukitembelea vikundi kati ya Kilifi na Malindi, swali moja hurudi kila mara: "Tulikata viota vya maji moto, tukavitundika kwenye mikorosho yetu. Mbona baada ya muda wote wamekwisha?" Jibu ni fupi. Mlichukua wafanyakazi, mama yao mkamwacha. Ukoo mmoja wa maji moto unaweza kuwa na viota vingi juu ya miti kadhaa, lakini malkia ni mmoja tu, naye hukaa katika kiota kimoja. Pasipo malkia hakuna wafanyakazi wapya. Chungu waliopo huzeeka, wakafa, basi.

Kwa nini tujisumbue na chungu wanaouma? Kwa sababu wanawinda. Huwakamata wadudu wanaofyonza mikorosho, miembe na minazi. Huko Unguja, katika miaka ya 1950, mtaalamu M. J. Way alionyesha kwamba maji moto humzuia yule kunguni wa minazi anayefyonza vidaka mpaka vikaanguka. Wachina nao waliandika tangu karne ya 4 juu ya viota vya chungu wa jamii hii kuuzwa sokoni ili kulinda michungwa. Kwa mkulima asiye na pesa ya dawa, huyu ni mlinzi wa bure.

Kumtambua malkia

Wakati wa mvua, wadudu wengi wenye mbawa huja kwenye taa. Usichanganye kumbikumbi na chungu. Kumbikumbi hana kiuno, na mbawa zake nne zinalingana urefu. Chungu ana kiuno chembamba, papasi zake zimepinda kama kiwiko cha mkono, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma.

Sasa tazama kama ni dume au malkia. Dume ni mdogo, mwembamba, ana kichwa kidogo, akishapanda hufa. Malkia ni mkubwa kuliko mfanyakazi yeyote, kifua chake ni kinene na tumbo ni pana. Akishapandwa huangusha mbawa zake. Kwa hiyo anayefaa zaidi ni yule aliyekwisha kuziangusha na anatembea akitafuta pa kujificha. Mwenye mbawa pengine bado hajapandwa.

Njia nyingine ya kumpata: kunja jani pana kama kiota kidogo, lifunge kwa uzi, ulitundike kwenye mti usio na maji moto. Asubuhi chungulia ndani.

Kumlea

1. Mweke katika chupa ndogo safi pamoja na jani lililokunjwa. Ziba mdomo kwa pamba au kitambaa, hewa ipite.

2. Weka chupa kivulini, pasipo jua wala moshi wa jikoni. Tia tone la maji kwenye pamba ili unyevu usikauke.

3. Usimpe chakula. Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma. Malkia huyu hulea wanawe wa kwanza kwa mafuta ya mwili wake na kwa ile misuli ya mbawa asiyoihitaji tena. Chakula kitaoza tu.

4. Usimtikise. Mchungulie mara moja kwa wiki. Malkia akisumbuliwa anaweza kula mayai yake mwenyewe. Wafanyakazi wa kwanza, wadogo sana, huchukua mwezi mmoja hivi au zaidi.

5. Wakishatoka, wape tone la maji ya sukari na kipande kidogo cha samaki au mdudu. Mabaki yaondoe.

Kuna njia ya kuharakisha, iliyojaribiwa na wataalamu huko Benin na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Toa bundo katika kiota cha ukoo mwingine, yaani wana weupe walio na umbo la chungu lakini bado hawatembei, umwekee malkia wako. Wakiamka watamtumikia kama mama yao. Ila usichanganye chungu wazima wa koo mbili. Watauana.

Wakifika makumi kadhaa, fungua chupa juu ya mti usio na maji moto wengine. Angalia pia chini: chungu wadogo wa kahawia wa ardhini, ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa, ni adui zao wakubwa na huwafukuza. Ukoo ukikua, funga kamba kutoka mti hadi mti wapate njia. Msitegemee shamba zima kulindwa kwa msimu mmoja.

Tusikilizane na wagema

Mgema anayepanda mnazi kila siku hawezi kufurahia maji moto. Kikundi kikae naye kwanza, minazi ya kugema iachwe kando, kamba zisifike huko. Wavunaji wa korosho na maembe wajipake jivu mikononi na miguuni.

Onyo kuhusu kuuza

Vijana wetu huenda wakaambiwa kwamba malkia wa chungu wana bei nzuri ng'ambo. Ni kweli wapo wanunuzi. Lakini Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya chungu wakiwemo malkia. Kukusanya na kuuza viumbe wa porini kunahitaji kibali cha KWS. Wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993, huuza bundo ng'ambo, lakini wanafuata sheria. Basi tafuteni malkia katika mashamba yenu wenyewe, si msitu wa Arabuko-Sokoke, na muwarudishe katika miti yenu. Malkia mmoja kwenye mkorosho hulinda mavuno ya watoto wako. Akiwa mfukoni mwa mgeni, analipwa mara moja tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni miti gani katika mashamba yetu ina maji moto, na ipi haina?
2. Nani atatunza chupa, na nani atakwenda kuzungumza na wagema?
3. Tutaandikaje hesabu ya vidaka vinavyoanguka, ili tujue kama kazi hii inatusaidia?